Mbuzi wa Chuma

3 Machi

...ndiyo Mama, anakula vizuri, na hofu yako kwamba nitamkondesha mwanao iondoe kabisa. Jana suruali yake ilikataa kufunga.

Shikamoo! Nimeanza kujibu maswali kabla ya kukuamkia, utasema huyu msichana kapata ndoa akapoteza adabu. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi hatujambo. Mimi ndiyo sijambo kupita kiasi. Wanasema mapenzi ni kikohozi. Basi mimi nakohoa mtaa mzima unasikia.

Sasa sikia. Juzijuzi niliingia banda la nyuma ya nyumba hii uliyotuachia, natafuta ndoo. Nikavuta turubai. Chini yake nikakuta pikipiki ya ajabu: nyembamba, miguu mirefu, tangi dogo kama birika, kiti cha maana haina. Nilidhani ni chuma chakavu. Mwanao akaja akasimama mlangoni, akasema polepole, "Huyo ni Mbuzi wa baba."

Akanieleza kwamba marehemu baba mkwe alishindana kwa hiyo kupanda mawe. Si mbio, ni mwendo wa kinyonga juu ya miamba, dereva kasimama, na akitia mguu chini tu amepoteza alama. Mama, ungeyaona macho yake!

Tangu hapo kila jioni tuko bandani. Cheni tumeilaza kwenye mafuta, tangi tumelikung'uta kutu, mimi naosha vyuma kwa mafuta ya taa. Ana grisi puani, na kwa jinsi alivyo mzuri, siku ya harusi haikufua dafu. Mashindano ya machimboni yanarudi mwezi ujao, naye anataka kumpanda Mbuzi mbele ya watu.

Njoo umwone. Tangu tufunge ndoa hujakanyaga hapa hata mara moja. Nitakupikia mimi mwenyewe, na nitajitahidi.

Mkweo anayekupenda


10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma kwa zamu, leo kulia, kesho kushoto. Hiyo suruali imenifurahisha.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Hukukosa, hukuambiwa. Mume wako alikuwa mdogo, nami nilimwambia tu kwamba baba yake alianguka.

Asubuhi ile alikuwa ameifungua kabureta akaisafisha, akairudisha. Kiki ya kuwashia kwa mguu ilikuwa haishiki, kwa hiyo aliiwasha kama alivyozoea: anatia gia, anaikimbiza kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, inawaka, anarukia juu. Alikuwa peke yake. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilisikia ikiwaka, mlio ukapanda, ukakaa huko huko juu. Haukushuka. Ulikatika ilipofika kwenye mawe, naye akiwa nayo. Mpaka leo hakuna aliyeniambia kwa nini.

Simkatazi. Mtu mzima hafungwi kamba, na sikio lake unalo wewe. Ila asiiwashe akiwa juu yake. Inueni tairi la nyuma lisiguse chini, mmoja awe karibu kuichomoa waya ya plagi. Mwambie ni mimi niliyesema.

Na kuja siji, mwanangu. Usinione nina kiburi. Nikiliona paa la hilo banda nausikia ule mlio.

Mama yenu


17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, mpaka saa hii ninapoandika.

Barua yako niliisoma nyuma ya mlango wa jikoni, na bado sijamwonyesha. Nashindwa, Mama. Anaimba! Mwanao hajui kuimba, sauti yake ni ya bawaba kavu, na bado anaimba toka anaingia getini mpaka anaingia bandani. Nimwambie nini? Kwamba anapaka rangi kitu kilichomuua baba yake?

Nimekuwa mwoga wa kila kitu. Spana ikianguka naruka. Nikimpakulia chakula namwongezea na kumwongezea, na yeye anadhani ni mapenzi, ananibusu mkono.

Kazi imekwisha. Nilitaka nimfurahishe, kwa hiyo alipokuwa kazini niliiosha kabureta nikaifunga mwenyewe, kila kipande mahali pake. Aliporudi alinibeba juu juu kama gunia. "Nimeoa fundi!" akapiga kelele, majirani wakachungulia. Kilichobaki ni kiki tu, bado haishiki. Nikamuuliza utaiwashaje. Akasema, "Nitaikimbiza mteremkoni, Jumamosi. Baba alikuwa anafanya hivyo hivyo."

Alicheka aliposema, Mama. Mimi nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Niombee nipate mdomo.

Binti yako


27 Machi

Mwanangu,

Salamu zitasubiri. Jumamosi ilikuja ikapita, na nyingine inakaribia. Posta nimekwenda mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Kama kuna jambo usinitafutie maneno matamu. Mimi nimeshawahi kuambiwa, najua kusikia. Andika mstari mmoja. Kama ni mzima, andika mzima. Kama si

Andika tu, mwanangu.

Mama yenu


4 Aprili

Mzima, Mama. Mzima, mzima, mzima!

Shikamoo, na unisamehe. Nimechelewa kwa sababu niliungua mkono wa kulia, na huyu mwanao nilipomwomba akuandikie alikaa mbele ya karatasi akatoka jasho, akasema hajui aanzie wapi. Leo kalamu inashikika, ingawa unaona mwandiko wenyewe kama kuku kapita.

Jumamosi ile alishavaa kofia ngumu, yuko juu ya mteremko, gia imeingia. Mimi nikaenda nikasimama mbele ya tairi.

"Toka, mke wangu."

"Sitoki."

"Unaniletea uchuro asubuhi yote hii?"

"Nakuletea barua ya mama yako."

Aliisoma akiwa na kofia kichwani. Alipomaliza akaigeuza pikipiki, tukairudisha bandani. Tukaipandisha juu ya kreti, tairi la nyuma likaning'inia. Akalizungusha kwa mkono. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili ikawaka, na Mama, ule mlio! Ulipanda ukakaa huko. Kreti ikaanza kutembea yenyewe. Alijaribu kuichomoa waya, ikamteleza. Sijui nani alinituma. Nilichukua taulo nikalisokomeza kwenye mdomo wa kabureta unaovuta hewa, na ikazimika. Mkono uliegemea bomba la moshi. Niliusikia unauma baadaye sana.

Akafungua kabureta. Mle ndani kuna kijipistoni kinachopanda ukivuta mafuta na kushuka ukiachia. Chini yake upande mmoja umekatwa mshazari, na upande huo unatakiwa utazame hewa inakotoka. Mimi niliugeuzia injini. Kikiwa kinyume hivyo hakishuki mpaka chini, na injini inanguruma bila kuvutwa. Ni mimi, Mama. Mikono hii niliyotaka kumfurahishia. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Hakunigombeza. Alikigeuza kijipistoni taratibu, akakaa sakafuni pale pale penye mafuta. "Huenda baba naye," akasema. "Ni kosa la dakika moja tu." Hatutajua kwa hakika. Nakuandikia kwa sababu ulisema hakuna aliyekwambia kwa nini, na hii ndiyo sababu pekee tuliyoipata.

Sasa inapanda na kushuka vizuri. Kiki ameitengeneza, hakuna tena kukimbiza mteremkoni. Lakini bado mashindano. Nilimwambia naogopa. Akaniangalia akasema, "Ukisema niache, naacha." Nikafungua mdomo niseme acha. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, Mama, na sikulitoa. Nilimwona atakavyokaa miaka yote akinipenda na akiliangalia lile turubai.

Nikampa masharti yangu. Amefunga swichi ya kuzimia yenye kamba, kamba iko kwenye kifundo cha mkono wake: akianguka, injini inazimika papo hapo. Na mashindano haya yanaruhusu mtu mmoja asimame chini ya jiwe amdake dereva au amdake Mbuzi. Alikuwa anafikiria mwenzake wa kazini.

"Mshikaji wako ameshapatikana," nikamwambia.

"Nani huyo?"

"Uliyemwoa."

Alicheka. Mimi sikucheka. Kila jioni tunafanya mazoezi, yeye juu, mimi chini na glavu za kuazima, na naogopa mpaka magego yananiuma. Hata hivyo nimeshamdaka mara mbili. Ni mzito, tena hiyo suruali tumeinunua upya.

Mashindano ni Jumapili hii. Barua ikikufikia yatakuwa yamepita, kwa hiyo usikae ukihesabu, na usiende posta. Hatutakusubiri uje mpaka moyo wako ukubali. Sisi ndio tutakaokuja. Weka maji ya chai ya watu wawili, Mama, kabla mwezi huu haujaisha tutabisha hodi mlangoni kwako, mimi na yeye, tumekuja kwa basi.

Binti yako