Nilipoanguka Kati ya Majukwaa Mawili

Dada yangu Temperance,

Huku Kentucky ng'ombe amezaa na mahindi yamestawi. Kwenye mkutano wa injili kule msituni nilianguka katikati ya majukwaa mawili ya wahubiri. Mhubiri wa Kimethodisti akapaza sauti, "Huyu wangu, Roho kamwangusha!" Wa Kibaptisti akaruka, "Wako kivipi? Kichwa kiko upande wangu!" Mume wangu Asahel anatania eti nigawanywe kiunoni. Mama yake anataka nibatizwe mtoni Jumapili.

Wananiuliza niliona nini. Dada, sikuona kitu. Jua lilikuwa kali nami sijala. Au ndivyo Roho anavyokuja? Wewe uliyetangulia kuokoka, niambie, maana wote wanashangilia, na nashindwa kuwaambia kwamba tangu nianguke mtoto hajacheza tumboni.

Mdogo wako,
Keziah