Kikomo Changu Ulikiandika Wewe

Ami Nassor,

Mwenyekiti wa chama cha skii alikulilia. Nianze na hilo, maana najua ungelipenda kulisikia. Siku ya tatu ya matanga alisimama getini kwetu Khuwair ya Kusini, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akajifuta macho kwa leso huku anachungulia pembeni kama kuna wanaomwona. Akaniambia, "Wallahi, Zuwena, tumepoteza nguzo." Nguzo! Mtu huyu huyu ndiye aliyekuwa akikuita Nassor Barafu mbele za watu. Ulipomwomba chumba cha kuwekea skii zetu alikupa kibanda cha jenereta, na ukamshukuru.

Na ndugu zako wasikupite. Shangazi Thuwaiba, dada yako wa kuzaliwa, miaka kumi na moja alikuwa akiuliza kila mgeni, "Mwanamke mzima anavaa matairi miguuni, haya mmeyaona wapi?" Kwenye matanga aliwaambia wanawake kwamba yeye ndiye aliyekushauri unifundishe. Alisema bila kumeza mate. Watu wetu wanampenda maiti kuliko mtu.

Lakini mimi nilikupenda ulipokuwa hai, na ndiyo maana nina hasira nawe. Jeneza lilipokuwa linatoka, Shangazi alitugeukia tuliobaki ndani akauliza kama ilivyo ada: mwenye kinyongo na marehemu amtolee radhi. Tukaitikia sote kwamba tumemsamehe. Sauti yangu ilizidi za wengine. Nilikuwa na nini cha kukusamehe? Halwa tu. Daktari alikukataza sukari, ukawa unaificha halwa kwenye begi la skii, chini ya glavu zangu, ukidhani sijui kwa nini glavu zinanata. Nilikusamehe halwa, Ami. Nililia nikakusamehe.

Siku mbili baadaye, pale getini, ndipo Mwenyekiti, alipokwisha kujifuta macho, akateremsha sauti. "Marehemu mwenyewe alituandikia kabla ya Ramadhani. Nafasi ya mbio za baridi tumpe mwengine. Allah amrehemu, alikuwa mkweli." Nikamwambia anaongopa. Akatoa simu akanionyesha picha ya barua. Mwandiko wako, ile "z" yako yenye mkia. "Zuwena ameshafika kikomo chake. Msimpeleke tena, atatuaibisha."

Nimeisoma mara ngapi, sijui. Hukuandika kwamba nitajiaibisha. Uliandika kwamba nitawaaibisha nyinyi. Wewe na nani? Wewe na yule wa kibanda cha jenereta?

Basi ile radhi nimeichukua. Niliitoa sijui ninachokisamehe, kama mtu anayetia saini karatasi tupu. Sijui kama sheria inaruhusu kuichukua, sijamuuliza shekhe, na sitamuuliza. Nimekaa kukuandikia ili nijue kama nitairudisha.

Nani aliniingiza katika mchezo huu? Si mimi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mvivu, ninayependa kulala mpaka jua limwagike dirishani. Wewe ndiye uliyesoma uhandisi Urusi ukarudi na skii mbili za mbao ukazitundika ukutani sebuleni. Wageni walidhani ni vipande vya kitanda. Wewe ndiye uliyeagiza skii fupi za magurudumu, ukanifunga miguuni, ukanishika kiuno kama mtoto anayefundishwa kutembea, ukasema, "Theluji itakuja baadaye, mwanangu, kwanza miguu."

Miezi ya joto tulitoka mara tu baada ya swala ya alfajiri, kabla lami haijapata moto. Ijumaa tulikwenda Wattaya, kwenye maduka ya magari, kwa sababu yamefungwa na vioo vyake ni virefu. Nilipita mbele ya vioo hivyo nikisukuma kwa fimbo mbili, kwenda na kurudi, mara arobaini, nijitazame mgongo. Ulikaa kwenye kiti chako cha kukunja ukipiga kelele, "Nnakuona! Unainama kama muokota dagaa!" Ramadhani tulifanya mazoezi saa ya mwisho kabla ya futari, midomo imekauka, na ulikataa kunionea huruma. Kila msimu wa baridi wiki tatu ng'ambo, kwenye theluji ya watu, mbio mbili, kisha nyumbani, kwenye meza yangu ya mapokezi katika zahanati ya meno, nikiwauliza watu kama wameweka miadi.

Na ulinifundisha dharau. Hiyo ulinifundisha vizuri kuliko skii. Vijana walipopunguza mwendo wa gari na kunipigia honi, ulisema, "Akikucheka mtu, mpite. Anayekaa kitini hana la kumwambia anayekwenda." Siku ile karibu na Bandari ya Sultan Qaboos meli ya watalii ilipotia nanga, wazee wa kizungu wakatuzunguka na kamera zao, ulisema kwa Kiswahili, tabasamu limejaa usoni, "Maskini, wamevuka bahari kuja kuona ngamia, wamekutana na mambo ya kwao." Nilicheka nikaanguka. Nilidhani hakuna duniani mtu asiyejali watu kama wewe.

Sasa nikusimulie yaliyofuata. Mwengine aliyepewa nafasi yangu alikuwa binti wa shemeji yake Mwenyekiti. Ana miezi sita kwenye magurudumu na kofia tano za rangi tofauti. Simchukii, hana kosa, anapenda kupigwa picha. Nilikwenda ofisini kwa Mwenyekiti nikamwambia tushindane, yule binti na mimi, kwa magurudumu, kwenye barabara ya mlima wa Amerat, na atakayeshindwa akae. Alikubali haraka. Barua yako ilikuwa mezani kwake, na aliamini kila neno. Shemeji zake walikuja na viti. Nilifika juu, nikanywa maji, nikakaa juu ya jiwe, nikavua kofia, nikafunga tena mtandio, ndipo yule binti akatokeza kwenye kona ya mwisho akitembea, skii mkononi. Mpima saa alikuwa amekwenda kununua chai ya karaki. Mwenyekiti alinipongeza kwa kunyoosha vidole viwili, kama mtu anayepima joto la maji.

Nikaenda kwenye mbio za baridi. Peke yangu, Ami, kwa mara ya kwanza. Unajua ni nini nilichokikosa? Nta. Miaka yote ulipaka wewe, ukinifukuza chumbani kama mpishi asiyetaka kuibiwa mapishi. Asubuhi ya mbio nilipaka mwenyewe ile nta ya kushika, inayowekwa katikati ya skii ili usirudi nyuma mlimani. Niliangalia mbingu, nikapima theluji kwa kiganja kama ulivyokuwa ukifanya, nikakosea. Jua lilitoka, theluji ikalowa, na kwenye mlima wa kwanza nikaanza kurudi kinyumenyume. Kila hatua moja mbele, nusu nyuma. Wasichana wa nchi za baridi walinipita wakinong'ona samahani. Na kichwani mwangu ikawa inasomwa barua yako, kwa sauti yako. Ameshafika kikomo chake.

Nilikuchukia pale. Sikukuchukia getini wala ofisini, nilikuchukia pale, kilomita ya tatu, pua inachuruzika. Kisha nikafanya la pekee nililoweza. Nikaiacha miguu, nikajivuta kwa fimbo. Mlima mzima kwa mikono, na uliofuata, na uliofuata, mabega yanawaka. Mikono ile ni ya Wattaya. Ni wewe uliyeijenga, na ni wewe uliyeandika kwamba imekwisha. Sikujua nikushukuru au nikutukane, nikafanya yote mawili, pumzi ilipopatikana.

Nilimaliza wa nne kutoka mwisho.

Nilipovuka mstari nilisubiri kicheko. Nilikisubiri kweli, nilikuwa nimeshaandaa uso wa kukipokea. Hakikuja. Mama mmoja mnene aliyekuwa akikusanya namba za vifuani alinifunika blanketi akanipa kikombe cha kitu cha moto chenye utamu wa zabibu. Watu wachache waliobaki walipiga makofi. Wa mwisho kabisa, msichana kutoka nchi ya joto kama yetu, alipofika walimpigia makofi zaidi yangu, nikaona wivu. Basi. Ndiyo aibu yenyewe hiyo uliyoiandikia chama.

Hapo ndipo nilipokujua, Ami, na afadhali ningelikujua ungali hai nikakwambia usoni. Hukuwa ukiwadharau wakaa vitini. Ulikuwa ukiwaogopa. Miaka kumi na moja ulinifundisha kuwapita, na kila jioni ulirudi barazani kwao ukinywa kahawa yao na kusikiliza watakalosema juu yangu. Uliogopa nitakuwa wa mwisho na wao watakutazama wewe. Kwa hiyo ulinikata mapema, kwa barua, kwa heshima, kisha ukaja nyumbani ukanifunga skii na kuniambia nnakuona, unainama. Wiki zote zile kabla ya kufa kwako. Ulikuwa unanifundisha kwa ajili ya nini? Nijibu. Au ulitaka tu mtu wa kutoka naye alfajiri?

Nadhani ndiyo. Nadhani ulitaka tu tuendelee kutoka alfajiri, bila mbio, bila mtu kutuhesabu. Ungeliniomba, Ami, ningelikubali. Ungelisema tu.

Zamani nilidhani nikijua sababu hasira itakwisha. Haikwisha. Mwenyekiti namdharau kwa raha, sina ninachopoteza. Wewe nakudharau na inaniuma. Bado naamka kabla ya adhana. Magari yananipigia honi kama kawaida, nami nawapita kama kawaida. Kwa kweli siwaogopi, na hilo nimelipata kwa mwalimu mwenye woga. Ajabu yake sijaimaliza.

Barua hii niliiacha hapa siku chache. Radhi nimekurudishia jana, baada ya swala ya Ijumaa, nilipokuja na maji ya kumwagia kaburi. Nilisema kwa sauti, hapakuwa na mtu. Safari hii najua ninachokisamehe, kwa hiyo hii ndiyo ishike, ile ya kwanza uiache. Kukudharau kidogo nitaendelea, uvumilie, nawe ulinivumilia uvivu wangu.

Na ahadi yangu ni hii. Fomu ya mbio ina nafasi ya jina la mwalimu. Mwaka huu niliiacha tupu kwa makusudi. Msimu ujao nimeomba mbio ndefu zaidi, na huenda kweli nikawa wa mwisho. Jina lako nitaliandika pale, herufi kubwa, lisomwe kwenye kipaza sauti pamoja na langu. Tukiwa wa mwisho, Ami, tutakuwa wa mwisho sote wawili.

Mungu akulaze pema, mwoga wangu.

Mwanao,
Zuwena