Moto Nyuma ya Donatienne

Jumanne, 4 Februari

Donatienne amekufa. Asubuhi, hospitalini. Figo. Nilikuwa bado navua koti.

Ella, binti yetu, alikuwa upande wa pili wa kitanda. Hakulia. Alifunika rangi zake za kuchorea.

Jumatano, 5 Februari

Watu wa kanisa wamejaa nyumba mpaka kwenye ngazi. Shemeji Tharcisse kaleta viti. Anasema nile. Sili.

Ella kanionyesha picha aliyomchora mama yake pale kitandani. Nilijua anachora — sikujua ni kadogo hivi! Kama yai la kuku. Kachora kwenye ngozi ya ndama, imebandikwa juu ya karata. Kajifunza shuleni kwake. Waingereza wa zamani, wakati wa yule malkia Elizabeti wa kwanza, walichorwa hivyo. Wakubwa wa jumba la malkia walivaa picha kifuani, ndani ya nguo. Kila kitu kina maana, ua, mkono, rangi.

Nimeishika na vidole hivi vya kubeba maboksi. Naogopa hata kupumua.

Ni yeye kabisa! Macho yale, anataka kucheka.

Nyuma yake moto. Ndimi za dhahabu. Sikuuliza.

Jumamosi, 8 Februari

Tumezika. Udongo wa huku ugenini umeganda kwa baridi, wamechimba na mashine.

Nyumbani Ella kaiweka picha mezani, watu waone. Mama Joyeuse wa kwaya kavaa miwani, kainama. Halafu — Yesu wangu! Nani amemtia dada yetu jehanamu?

Wote wakaja. Mmoja kaanza kukemea pepo. Tharcisse kasema acheni, labda ni jiko, dada alipenda kupika. Hakuna aliyecheka.

Ella akasema huo moto ni mapenzi. Kwa wale Waingereza, anayewaka ni anayependa. Kasema Kiingereza, nusu yao hawakusikia kitu. Mama Joyeuse kanigeukia mimi. Papa Ella, wewe ndiye kichwa cha nyumba. Utaacha hivi?

Nikasema: Futa.

Mbele ya watu wote.

Hakubisha. Kachukua brashi na maji. Moto ukatoka. Shavu nalo likatoka. Na jicho moja.

Nikasema acha, acha! Nimechelewa.

Jumapili, 9 Februari

Ella hasemi na mimi. Kanisani sikwenda.

Alhamisi, 13 Februari

Leo kasema. Jikoni, kanipa mgongo. Mama ndiye alichagua moto. Ella alimpa achague — maua, ndege, mikono miwili inashikana kwenye wingu. Mama kasema weka moto. Baba yako haongei, lakini anawaka. Umpe nikishakwenda.



Hajawahi kuniambia hivyo! Wala mimi kumwambia yeye.

Jumapili, 16 Februari

Nimemwomba arudishe uso. Nikampa picha ya kadi ya hospitali. Kaitupia jicho tu. Anasema huyu hapa kanuna, anangoja kuitwa. Yeye alimchora anapiga stori.

Lakini kaleta brashi. Kakaa mbele yangu. Haya papa, niambie. Lile jicho lingine lilikuwaje?

Miaka yote nimelala kando yake. Nikafungua mdomo. Lilikuwa zuri.

Zuri vipi?

Anangoja. Brashi imekauka, kailowesha tena. Zuri vipi, papa?

Nimemwambia sijui. Bado kakaa pale, brashi mkononi.

Bosi katuma meseji. Kesho narudi kazini.