Hiki Hakikatwi Kama Kimeo

Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Simbo, na goti lako linakuruhusu kufika shambani. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Zaidi ya hapo, tangu juma lililopita niko kama mguu uliokufa ganzi.

Mdogo wangu Melkiori hatapasuliwa. Nimelitanguliza hili ili usihangaike kulitafuta mwishoni.

Katika barua yako uliuliza kwa nini hospitali kubwa namna hii ishindwe kukata, wakati yule bibi wa Ujiji alimkata kimeo mara moja tu, na jioni ile ile akanywa uji. Swali hilo nililipeleka kwa daktari kama lilivyo. Hakunicheka. Alisema kimeo kinaning'inia, kina mahali pa kushika, na tena hakikuwa na kosa. Melkiori alikuwa akipaliwa kwa sababu ya kitu kilichoko kichwani, siyo kooni. Tulikosea sote, Mama, na mtu yeyote wa kwetu angekosea vivyo hivyo. Mtu akipaliwa, sisi tunatazama koo.

Kisha akatuonyesha picha. Uvimbe uko kisogoni kwa ndani, pale ubongo unaposhuka kuelekea shingoni, mahali pembamba kama kidole gumba. Hapo ndipo zinapopita amri za kupumua, kumeza na kugeuza macho. Akaniuliza kwetu tunapika nini. Nikamwambia maharage, mawese na ugali wa muhogo. Akasema kuna uvimbe ulio kama jiwe kwenye maharage, unaliokota na maharage yanabaki. Huu wa Melkiori ni mawese yaliyomwagikia unga. Huwezi kusema hapa yanaishia mafuta na hapa unaanza unga. Ukiyatoa utatoa na unga, na unga wenyewe ndiyo pumzi yake.

Niliitikia kana kwamba naambiwa bei ya nyanya. Sijalia mpaka leo. Najua ulivuka naye ziwa umemfunga mgongoni, mabomu nyuma yetu, na hukumvusha ili mimi nije kukuandikia haya. Nayajua yote hayo na bado machozi hayaji. Labda yananisubiri nikuone.

Melkiori ndiye aliyeuliza la maana. Alitaka kujua ile mionzi aliyopigwa imesaidia nini. Daktari alisema imeusinyaza kidogo na kumpa muda, ila uvimbe utakua tena.

"Muda wa kufika Kigoma?" akauliza.

Daktari akasema huo upo. Basi Melkiori akanigeukia, na lile jicho lake moja linalokwenda upande, akasema, "Mwambie Mama asinirudishe Ujiji kukatwa. Kimeo ni kimoja tu, na changu kilishaliwa na kuku."

Daktari alicheka. Mimi nilikuwa nakunja shuka.

Karatasi zetu za ukimbizi zimegongwa muhuri, tumeruhusiwa kurudi huko Simbo. Barua hii nampa fundi cherehani wa Ujiji anayepanda treni kesho, nasi tutafuata treni ya juma lijalo. Msalimie yule mzee aliyetupa kipande cha shamba siku tulipofika bila kitu. Msalimie shangazi na dagaa zake, na katekista, umwambie atuombee lakini asitangaze muujiza kanisani.

Jambo la mwisho. Ulisema utavundika ndizi za urwarwa, pombe yetu ya kwetu, siku utakaposikia amepasuliwa, tunywe kwa shukrani. Usiingoje siku hiyo, Mama. Ukishasomewa barua hii, chimba shimo uvundike. Bado anameza, akiinamisha kidevu, kidogo kidogo. Na majirani wakija, msimtengee chungu chake. Ugonjwa huu hauambukizi. Mwacheni atie mrija katika chungu kimoja na sisi, wakati koo lake bado linamtii.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Spesioza