Jigi ya Mama Yake Murty

Bríd, nimekwisha. Nipo ndani ya gari nje ya nyumba ya Mzee Murty, hata kuliwasha siwezi.

Si nilikwambia ndiye pekee aliyebaki anayeijua ile jigi, muziki wetu wa zamani wa dansi, kama alivyoipiga mama yake? Kashika fidla, kapiga. Bríd, ilikuwa yangu! Namna ile ile niliyoipiga nilipoirekodi mwaka jana, hata pale nilipokosea!

Nikamuuliza, "Mzee, hii umeitoa wapi?"

"Kwako, binti. Nilikusikia redioni, nikaona kumbe mama alikuwa anakosea. Nikajirekebisha."

Anakosea! MAMA YAKE!

Nikamsihi anipigie ya mama. Kila akianza, inatoka yangu. Kila akianza, Bríd.

Mwisho akashusha fidla, akaniangalia. "Hebu nianzishie wewe, binti. Ya mama ilikuwaje vile?"