Mate Mpaka Kwenye Mstari

Jumanne, 3 Juni 2025

Majibu yametoka. Ninayo. Hitilafu ya kurithi kwenye vinasaba, ile inayoleta saratani ya matiti. Daktari Aneth aliongea taratibu kama anamlisha mtoto uji. Huumwi, Yunis. Ila katika wanawake kumi wenye hitilafu hii, sita au saba huja kuugua. Nikamuuliza, na hao wengine wanafanya nini? Hawafanyi kitu, ni bahati tu.

Bahati! Natoka Misugusugu mpaka Dar kuambiwa bahati, kama nimekwenda kucheza bahati nasibu.

Nimerudi nikafungua mashine ya kutotolesha, nikageuza mayai. Mayai hayajui habari za mtu.

Mume wangu Silvanus kauliza: kwa hiyo mama Brighton, unaumwa au huumwi? Nikasema sijui. Akasema basi tule. Na huyo ni mwalimu wa hesabu!

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimeoga na sidiria. Mtu mzima, miaka thelathini na nane. Sitaki mkono wangu ukutane na kitu.

Halafu hasira. Nilianza na vifaranga kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda. Leo wafugaji wa Kibaha nzima wanapanga foleni kwangu. Kila nilicho nacho nimekitafuta mwenyewe. Ng'ombe wa baba sikupewa hata mkia — huu ndio urithi wangu?

Daktari kasema ndugu zangu wa tumbo moja kila mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu kuwa nayo. Amenipa vichupa vitatu: vya ndugu zangu Ngusa na Loyce, na cha baba, ili ijulikane imetoka upande gani, maana mama hayupo tena. Kutema mate tu mpaka kwenye mstari. Bure, ni mradi. Virudi kabla mwezi haujaisha.

Jumapili, 8 Juni

Msimbu kwa baba. Nimewaeleza wote watatu. Baba kasikiliza, ugoro mdomoni, kisha akatoa hukumu: ni jina.

Shangazi Mwashi, dada yake, alikufa kule Shinyanga titi limeoza, kabla hatujahamia huku na ng'ombe. Mimi nilipozaliwa nikapewa jina lake. Yunis ni la ubatizo tu. Sasa mwenye jina anadai chake. Dawa ni kulivua. Mbuzi, maji ya baraka, basi.

Nikauliza, na shangazi Laurensia? Lile jipu la kwapani lililomuua, naye aliitwa Mwashi? Baba akasema yule alirogwa. Hivi hivi, bila kupepesa macho!

Ngusa naye: "Dada, mimi nina maziwa?" Huna, nikamwambia, ila una mabinti watatu, na mwanaume anaibeba vilevile na kuwapa watoto. Akacheka. "Basi mimi ni punda wa mizigo."

Nikawaeleza nusu kwa nusu ni nini. Siyo kwamba mimi nimekwisha kuipata basi wao wamepona. Kila yai lina bahati yake. Trei ya mayai thelathini unatarajia majogoo kumi na watano. Mimi nimewahi kupata ishirini na wawili.

Loyce alikuwa amekaa pembeni, mimba ya miezi sita mbele yake. Akasema: "Mimi sikupewa jina la mtu, dada. Mimi ni Loyce tu." Alivyolisema! Kama abiria anayeonyesha tiketi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda Kwala, Loyce anakopikia madereva wa malori. Nilitaka kuongea naye peke yetu, bila wanaume. Nimefika nyuma ya banda namsikia anamwambia mwenzake Jenifa: dada anataka tuumwe wote, asiwe peke yake.

Sikuingia. Nimegeuza na kichupa changu kwenye mkoba.

Mtoto niliyembeba mgongoni! Mama alipofariki nani alimsomesha? Peke yangu! Nani kamwambia napenda kampani ya namna hiyo?

Ni uongo.

Nusu yake ni uongo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimempigia baba. Shikamoo, marahaba, ng'ombe hawajambo. Nikamwambia jina livuliwe, nakubali. Sharti ni moja: nyote watatu mteme kwenye vichupa kwanza.

Akapandisha hasira. Mate yake yaende kwa watu asiowajua, wakayafanyie nini? Nikamwambia, baba, siku ya kulivua si utanipulizia maji yenye mate yako, ndiyo baraka yenyewe? Mimi naomba kijiko kimoja cha hayo hayo. Akacheka mpaka akakohoa. "We Mwashi, ungekuwa mwanaume ungenimalizia ng'ombe."

Ningewazidisha, baba.

Jumatatu, 23 Juni

Nimekaa na kichupa kitupu mkononi, mayai nimeyasahau. Silvanus kaniona. Amekwenda kuyageuza yeye — mara ya kwanza tangu tuoane. Mawili kayavunja. Yaliingia mashineni jana tu; nimeyakaanga, tumekula.

Jumamosi, 28 Juni

Msimbu. Naandika hapa hapa, nimekalia gunia la pumba nje ya chumba alichokuwa analala mama.

Asubuhi ilianza vizuri. Ngusa katema, akalalamika kwamba hata ng'ombe akikamuliwa hachukui muda hivi. Baba nilimnyang'anya ugoro, daktari alisema kinywa kiwe safi, akanuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Lakini katema. Mpaka kwenye mstari!

Zamu ya Loyce. Akasema atatema shughuli ikiisha. Nikajua hatatema. Nikasema sharti ni sharti, baba akanikata: tuanze, jua linapanda. Nikapiga magoti.

Baba akashika kibuyu. Kabla ya kupiga funda akasema jina la mtu halitupwi porini, litakasirika. Lazima lipate pa kukaa. Loyce anatarajia mtoto wa kike, picha ya hospitali ilishasema. Basi jina litahamia kwa mtoto wa Loyce.

Akajaza maji mdomoni.

Loyce akasimama, mkono tumboni. "Si kwa mwanangu! Baba, si kwa mwanangu!"

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Nilibaki kwenye magoti yangu nikamwambia: "Kama ni jina ndilo linaloua, kataa, na mimi nitakusaidia kukataa. Kama siyo jina, Loyce, basi hilo la 'mimi ni Loyce tu' halina kazi. Huna kinga yoyote. Chagua."

Akamtazama baba. Baba hawezi kujibu: funda la baraka halimezwi, na halitemwi chini. Akamtazama Ngusa. Ngusa akamtazama mbuzi.

Akaja kwangu. Nilidhani atanipiga. Akakinyakua kichupa mapajani mwangu, akaingia chumbani kwa mama, akafunga kwa komeo.

Sasa namsikia. Sijui kama anatema au analia. Nilikuja na hasira ya kunitosha mwaka mzima, na sasa hivi siioni ilipo.

Nimegonga. Loyce, mdogo wangu, usilie kwanza, kinywa kitakauka. Mate mpaka kwenye mstari. Machozi hayafai.

Baba bado amesimama uani na maji yake mdomoni. Mashavu yamevimba, macho yamemtoka, ananitazama mimi.