Sakafu Iliyonimeza Mguu

Mlali, Morogoro

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kukusumbua na kwamba huko Newala mmepata walau manyunyu. Zaina mdogo wangu, ukimsomea Mama usiruke mahali, na akishtuka mpe maji kwanza ndipo uendelee.

Kabla ya yote, Mama, mimi ni mzima na mtoto tumboni anacheza. Shika hilo. Ningepiga simu, lakini kila nikijaribu kueleza nalia, na wewe ukinisikia nalia hutasikia kingine chochote.

Ni ile gari-nyumba yetu. Unaijua kwenye picha, ile ambayo wazungu wawili wazee walikuwa wakisafiria na kulala humo humo, ikawafia injini hapa, wakamwachia mume wangu Rajabu kwa kuwa ndiye aliyewahangaikia gereji. Najua umekitangazia kijiji kizima kwamba binti yako analala kwenye nyumba yenye magurudumu. Najua pia umeshafunga mizigo uje unihudumie arobaini yangu humo ndani. Sasa sikia.

Jumamosi asubuhi nilishuka kitandani nimebeba beseni la nguo. Hatua ya kwanza salama. Ya pili, sakafu ikanimeza. Mguu wote ulizama mpaka kwenye paja, beseni huko, mimi huku, na tumbo langu la miezi saba limeegemea mlango wa kabati. Chini ya gari kulikuwa na kuku ameatamia, naye alipiga kelele kuliko mimi. Nilikaa pale nikiuangalia mguu wangu ulivyopotea kama si wangu.

Rajabu alinichomoa akanipakia pikipiki taratibu hadi zahanati, maana mtoto alikuwa ametulia mno. Muuguzi alitafuta mapigo ya moyo kwa muda ambao sitausahau. Aliposema, "Haya, mama, huyu hapa," nilimshika mkono nikakataa kumwachia.

Tuliporudi, Rajabu alifunua lile kapeti la mpira. Mama, mpaka leo sijui nikwambieje. Plaiwudi ilikuwa imegeuka uji. Alichota kwa kiganja. Chini yake kuna sponji waliyoweka waliolitengeneza gari ili kuzuia baridi, naye alipoiminya ikatoa maji meusi yanayonuka. Akagusa ukuta wa upande wa jiko, kidole kikapenya. Nje rangi inang'aa, ndani hamna kitu. Sisi tumekuwa tukilala juu ya hicho kitu na kusifiwa.

Akaingia uvunguni na nyundo kuangalia chesesi, zile boriti za chuma zinazobeba nyumba yote. Nikasikia anagonga, ko, ko, halafu mlio mwingine, kama anagonga boga. Kipande cha chuma kikadondoka. Kutu ilikuwa imekula mpaka katikati, chuma kinabanduka kama ukoko wa ugali. Nilipoinama nilimkuta amelala chali huko chini, nyundo kifuani, anaitazama nyumba yake.

Kwanza alilaumu paa, kwa jinsi mvua za hapa mlimani zinavyojua kukaa. Akapanda juu, akakagua kidirisha cha paa na kila kiungo. Pakavu. Ndipo akarudi kwenye sakafu akayaona yale matundu.

Mama, mimi nimekulia kwenu, ambako tulishuka bonde zima kufuata ndoo moja ya maji na tukigombana njiani nani ameyamwaga. Nilipoolewa huku nikakuta maji yanateremka mlimani usiku na mchana, hayaulizwi na mtu, nilipagawa. Kila siku nadeki. Si kupangusa, namwaga ndoo nzima, nasugua kwa brashi, namwaga nyingine. Rajabu kwa kunipenda akatoboa matundu kwenye sakafu ili maji machafu yashuke chini vizuri, kama ya bafuni. Tukajiona tumewashinda wazungu akili. Mama Anjela, jirani yetu anayelima karoti na kabichi, alikuwa akiwaleta binti zake waone mwanamke anavyodeki. Kumbe kwenye kila tundu maji yalikuwa yanaingia katikati ya mbao, yanakaa humo, na mengine yanalowanisha chuma.

Rajabu aliketi mlangoni akaniambia, "Somoe, hii nyumba hainyeshewi na mvua. Tunainyeshea sisi."

Usafi, Mama. Si uchafu, si uvivu. Hilo ndilo linalonitoa machozi hadi sasa.

Mama Anjela alipokuja kuona alishika mdomo. "Mwenzangu, na mimi nilivyokusifia," akasema. "Si ningenyamaza tu."

Mama mkwe ametuma neno tupande kwake nikajifungulie huko, chumba kipo. Ni mwema, sina neno naye. Lakini wewe ulishasema hutalea uzazi wa mwanao kwenye nyumba ya watu, na mimi mtoto wa kwanza siwezi kumpokea usipokuwepo. Nimelala na hilo, nimeamka nalo. Nilikuwa niandike barua hii kukuambia usije.

Ila Rajabu hajalala vizuri tangu siku ile. Amekata mbao zote zilizooza, ameziba matundu, na fundi wa kuchomelea kutoka Mzumbe ameweka vyuma vipya chini ya kitanda na mlangoni. Hapo pamesimama imara, ameruka juu yake mpaka nikamwambia basi. Katikati bado pako wazi, tunapita juu ya ubao na kuku tunamwona. Anasema atamaliza kabla ya mtoto. Amejenga na uzio wa nyasi nje, huko ndiko utakakonikanda kwa maji ya moto, umwage upendavyo.

Sharti ni la ndani, Mama. Ndani hakuna ndoo tena. Na kila nikifikiria nani atamwogesha mtoto humo baridi ya mlimani ikishuka, bila kudondosha maji sakafuni, naona mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akituogesha mimi na Zaina kwa kata moja ya maji, ile ya kifuu, na yanabaki ya kunawia uso.

Msalimie Bibi, Baba mdogo Issa na shangazi aliyeniombea dua ya safari nilipoolewa huku. Wanaouliza kuhusu gari waambie ukweli, au waambie upendavyo. Rajabu anakuamkia.

Njoo, Mama. Na ile kata usiiache.

Mwanao,
Somoe